KITU KIKUUKUU NACHO KINA MWENYEWE

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, wazee wangu, mama zetu na vijana. Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninyi, tumche Allah mbele za watu na sirini. Neno hilo la "nafsi yangu kwanza" tunalisema kila Ijumaa kwa desturi. Leo nalisema kwa maana yake kamili, na mtaona sababu.

Mazungumzo ya leo ni juu ya vifaa vya michezo vilivyochakaa: mpira uliopasuka, jezi iliyochanika, viatu vya mpira vilivyokwisha meno, wavu wa goli wenye matundu. Vitu hivi vinaingia katika nyumba zetu na kupewa kazi nyingine. Je, kufanya hivyo ni jambo jema? Na kila anayefanya hivyo, je, anatumia kilicho chake?

Huenda mtu akasema mambo haya hayastahili mimbari. Lakini dini yetu haikuona haya kutufundisha hata namna ya kuvaa ndara na kuzivua. Na mchezo haukuwa mgeni kwa Mtume (s.a.w.). Alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, na baada ya muda, alipokuwa amenenepa, Mtume akamshinda, akamwambia kwamba sasa wamelipana. Pale Madina aliandaa mashindano ya farasi. Farasi waliozoezwa walikimbia kutoka Hafya hadi Thaniyatul-Wadaa, na wasiozoezwa wakapewa njia fupi, kutoka Thaniyatul-Wadaa hadi msikiti wa Banu Zuraiq. Basi mchezo wenye adabu ni halali, na chombo chake ni neema, na kila neema tutaulizwa juu yake, kama tulivyoonywa mwishoni mwa Suratu Takathur.

KUTUMIA TENA NI SHUKRANI

Tembea katika parseli zetu hapa Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya mto kule Alunguli, utaona akili ambayo Allah amewapa watu wenye mkono mfupi. Mpira wa ngozi uliopasuka, mama ameukata katikati: nusu moja bata wanakunywea maji, nusu nyingine inapimia mahindi ya kuku. Mpira wa ndani, ule unaojazwa upepo, umekatwa kanda za kufungia mzigo nyuma ya baiskeli. Jezi ya zamani, ile tunayoita mayo, imeshonwa ikawa mto wa kulalia. Soksi ndefu zinashikia sufuria ya moto. Kipande cha ngozi ya kiatu kimepigiliwa misumari kikawa bawaba ya dirisha. Na watoto ambao hawajapata mpira wa duka wanajifungia wa kwao kwa mifuko ya plastiki na kamba, wanacheza mpaka magharibi.

Haya ni mema, wala mtu asiyaonee haya. Wako wanaodhani kwamba kutumia kitu cha zamani ni alama ya unyonge, na kwamba heshima ni kutupa na kununua kipya. Qurani imesema kinyume. Katika Suratul-Israa, aya ya 26 na ya 27, wabadhirifu wamehesabiwa kuwa ndugu wa mashetani. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, na papo hapo tumekatazwa kupita kiasi. Naye Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza ndara zake kwa mkono wake. Ikiwa mbora wa viumbe alitia kiraka, mimi na wewe ni nani hata tuone haya?

Sikilizeni tena kisa cha kondoo. Mwanamke mmoja aliyeachwa huru na Bi Maimuna (r.a.) alipewa kondoo wa sadaka, naye kondoo akafa. Mtume (s.a.w.) alipopita akauliza kwa nini hawakuichukua ngozi wakaitengeneza na kunufaika nayo. Wakajibu kwamba ni mzoga. Akawafahamisha kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Bukhari na Muslim wamekipokea kisa hiki. Tazameni: hata katika mzoga Mtume alitafuta kilichobaki chenye manufaa. Itakuwaje basi mpira uliopasuka?

Lakini manufaa yasilete madhara, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Usichome mpira wa zamani wala soli za viatu kuwashia makala. Moshi wake mweusi unaingia katika kifua cha mtoto aliye mgongoni mwako. Usifunge mzigo kwa kanda iliyooza, ukamwangukia mpita njia. Na jezi yenye tangazo la pombe kifuani haifai kuvaliwa katika safu ya swala, ingawa kuipangusia baiskeli hakuna ubaya.

Kama mambo yangeishia hapo, hotuba ingekuwa fupi, na mimi ningeteremka mimbarini nikiwa nimeridhika na nafsi yangu. Tena ndiyo hotuba niliyokuwa nimeikusudia. Ila lipo jambo lililonizuia.

WAVU WA GOLI

Vijana wetu wa msikiti wanayo timu, mnaijua. Mfadhili mmoja aliwapa mipira, jezi na wavu mpya wa goli. Ule wavu wa zamani ukawekwa chini ya ukuta wa chumba cha vyombo. Mimi nilikuwa na kuku wanaoharibu mboga za nyumbani, lengalenga na maharagwe. Goli la mpira lina upana wa mita 7 na sentimita 32, na urefu wa kwenda juu mita 2 na sentimita 44. Wavu wake ukiukata vizuri unazungushia bustani ndogo na kamba inabaki. Nikamwita kapiteni wa timu, nikamwambia, "Mwanangu, ule wavu wa zamani nauomba." Akajibu, "Ndiyo, Mwalimu, chukua." Nikauchukua, nikaukata vipande vitatu, nikazungushia mboga. Nilimshukuru Allah. Nilijiona mtu asiyefanya israfu.

Siku moja watoto wa chuo wakiwa barazani na mbao zao, mmoja wao, mdogo kabisa, akautazama ule uzio akaniuliza, "Mwalimu, hii si ndiyo file ya goli letu?" Nikamwambia ilikuwa imechakaa. Akanyamaza, akarudi kwenye ubao wake. Adabu yake ndiyo iliyonichoma kuliko maneno.

Nikauliza, nikapata habari yote. Kapiteni alikuwa ameuweka ule wavu wa zamani kwa ajili ya timu ya watoto wadogo, wale wanaocheza kwenye uwanja mdogo. Watoto walipoukosa, walitafuta kingine. Mmoja akatoa chandarua nyumbani kwao, ile mustikere ambayo wadogo zake walikuwa wakiilalia, wakaitundika golini. Mpira uliipasua siku ya kwanza. Mama yake alilalamika, na mmoja wa wale wadogo akalala na homa siku kadhaa, kisha Allah akamponya. Sisemi kwamba homa ile ilitokana na usiku ule. Mbu hana saini. Ila nasema kwamba mimi nililinda lengalenga, na watoto wale wakakosa cha kuwalinda na mbu.

Nikamwita tena kapiteni nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akatazama chini, kisha akasema, "Mwalimu, wewe uliomba. Nani angekatala?"

Najua dini inatuamuru kusitiri makosa, yetu na ya wenzetu. Lakini kosa hili lilifanyika mbele ya macho ya watoto wa chuo, na kilichoharibiwa hadharani hutengenezwa hadharani. Ndiyo sababu nawaeleza.

UCHAKAVU HAUHAMISHI MILKI

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mawazo. Nilidhani kwamba kitu kikichakaa kimekwisha kuwa cha mtu, kwa hiyo ni cha atakayekiokota. Hilo si kweli. Uchakavu unapunguza thamani, hauhamishi milki. Ndara ya jirani ikikatika mkanda haiwi yako. Mke wa mtu akizeeka hawi mjane.

Iko hadithi inayotosha. Baada ya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, mtumwa mmoja aitwaye Mid'am alikuwa akishusha mizigo ya Mtume (s.a.w.), mshale ukampiga akafa. Watu wakampongeza kwa pepo. Mtume akawaambia sivyo, kwa sababu shuka aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa ilikuwa ikimwakia moto. Waliposikia hayo, mtu mmoja akaja na mkanda wa ndara, au mikanda miwili, akaurudisha. Mtume akamjulisha kwamba huo nao ungekuwa mkanda wa moto. Angalieni, hakuambiwa kwamba mkanda wa ndara ni kitu kidogo. Hakuulizwa kama ulikuwa mpya au mkuukuu. Ulikuwa mali ya wengi, na yeye alikuwa mmoja.

Mtu atasema: je, kitu kilichotupwa jalalani? Kitu hafifu ambacho mwenyewe amekiacha na hakitafuti tena, mtu akikiokota na kunufaika nacho hana lawama. Lakini hata hapo tuna mfano wa kutufundisha. Mtume (s.a.w.) alipita njiani akaona tende moja imeanguka. Akasema kwamba angeila kama asingechelea kuwa ni ya sadaka. Tende moja, barabarani! Kilichomzuia si ukubwa wake, ni mashaka juu ya ilikotoka. Na wavu ule haukuwa jalalani. Ulikuwa ndani ya chumba cha timu, umekunjwa.

RUHUSA YA ASIYEWEZA KUKATAA

Kosa langu la pili ni zito zaidi, kwa kuwa lilivaa nguo ya halali. Niliomba, nikapewa. Nani atanilaumu?

Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn Lutbiya kukusanya zaka. Aliporudi akagawanya: hii ni yenu, na hii nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza mbele ya watu, kwa nini mtu huyo hakukaa katika nyumba ya baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Ndugu zangu, nililichukua swali hilo nikaliweka juu ya wavu wangu. Lau ningekuwa mzee tu wa avenue, si imamu, si mwalimu aliyemfundisha kijana yule alifu na bee, je, angeniambia "chukua"? Angeniambia, "Mzee, samahani, ni ya watoto." Basi wavu ule haukuletwa na radhi yake. Uliletwa na kanzu yangu.

Tumefundishwa kwamba mali ya Muislamu haiwi halali ila kwa kuridhika kwa nafsi yake. Ulimi si nafsi. Mwenye cheo anapoomba, ulimi wa mdogo unasema ndiyo na nafsi yake inasema hapana, naye mkubwa husikia ulimi tu kwa sababu ndio anaotaka kuusikia. Jambo hili halihusu imamu peke yake. Linamhusu mwalimu wa shule anayeondoka na mpira wa darasa, kiongozi wa timu anayegawia ndugu zake jezi za zamani, baba anayeukata mpira wa mtoto wake awape bata maji, na mtoto yupo anatazama, anaogopa kulia. Mtoto naye ana milki. Baba amewekwa kuilinda, hakuwekwa kuimeza.

Tena, kapiteni mwenyewe hakuwa na haki ya kutoa. Wavu haukuwa wake. Alishikishwa amana kwa ajili ya wenzake. Nilimwomba mlinzi kitu cha mwenye nyumba, nikamtia na yeye katika kosa langu.

BASI TUVIACHE VIOZE?

Kuna anayesema: kama mambo ni mazito hivi, afadhali kila kitu kifungiwe ndani, pasiwe na maneno. Hilo nalo ni kosa. Tumeona vyumba ambamo viatu vya timu vimeliwa na panya na mipira imekauka ikapasuka, huku watoto nje wanapiga mfuko wa plastiki. Kuoza kwa kitu ndani ya sanduku ni israfu sawa na kukitupa, ila israfu hiyo ina kufuli.

Wanavyuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), katika kitabu chake cha Minhaji, mlango wa wakfu, ameitaja mikeka ya msikiti iliyochakaa na miti yake iliyovunjika isiyofaa ila kuwa kuni. Kauli iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba inaruhusiwa kuuzwa. Haibaki mpaka imalizwe na mchwa. Na thamani yake inarudi katika maslahi ya msikiti. Haiingii mfukoni mwa imamu wala wa mwadhini. Sisemi kwamba wavu wa goli ni wakfu kama mkeka wa msikiti. Nasema mfano huo unatuonyesha njia: kitu kisipotee bure, na manufaa yake yasitoke mikononi mwa waliokusudiwa.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila kinachotolewa kwa ajili ya wengi kiandikwe katika daftari: nani ametoa, ametoa nini, kwa ajili ya nani. Allah ametuamuru kuandika madeni katika Suratul-Baqara, aya ya 282, na amana ni deni shingoni.

Pili, kikichakaa, tuanze na wale wale kiliotolewa kwa ajili yao. Kilichowachakalia wakubwa huenda bado kinawafaa wadogo. Kinachoweza kushonwa kishonwe.

Tatu, kisipofaa tena kwa mchezo, kionyeshwe mbele ya wote, kiuzwe kwa atakayekitaka, na pesa ziingie katika sanduku la timu, hata kama ni faranga za kununulia sindano na uzi tu. Wakikubaliana wote kumpa maskini, ni sadaka yao, Allah awakubalie.

Nne, mwenye cheo asiombe. Akikihitaji, anunue kama wengine, tena asiwe wa kwanza kutaja bei.

Tano, kilicho chako mwenyewe kitumie bila haya na bila hofu. Kata, shona, funga, panda maharagwe, na umshukuru aliyekupa.

Ama mimi, wavu nimeurudisha. Vipande vitatu nilivipeleka ufukweni kwa wavuvi, wao ndio mafundi wa fundo; wakaviunga kwa kamba ya nailoni, nami nikawalipa, kwa sababu aliyeharibu mali ya mtu yuko chini ya dhamana. Mshono unaonekana, na mpira ukipigwa kwa nguvu sijui kama utaushika. Chandarua kingine nimekipeleka kwa mama yule. Nimewaomba radhi watoto mbele ya kapiteni, na kapiteni mbele ya watoto. Sisemi haya ili nisifiwe. Deni halilipwi kwa sifa. Nimeyasema ili kijana yeyote wa hapa, siku nyingine mkubwa wake akimwomba kisicho chake, ajue kwamba kukatala kwa adabu si utovu wa heshima. Ni kumsaidia mkubwa huyo mbele ya Mola wake.

Mboga zangu sasa nimezizungushia fito za mianzi. Kuku wanaingia mara moja moja. Nimeona ni nafuu.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kushukuru kwa kichache na kwa kingi. Tuepushe na israfu na uchoyo. Tupe mikono inayotengeneza na nyoyo zinazouliza kabla ya kuchukua. Waponye wagonjwa wetu, walinde watoto wetu, uipe nchi yetu ya Kongo amani, na uwarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tafadhali: karatasi hii ina jina la Allah na la Mtume wake. Ukimaliza kuisoma mpe jirani. Isifungiwe karanga wala isitupwe njiani. Kutumia tena ni kuzuri, lakini si kila kitu kinafaa kwa kila kazi.